Mwaka wa Ndengu za Karafuu

Mwalimu Mutua alifariki Jumanne, na kufikia Ijumaa nilikuwa Ikutha, nimeketi jikoni kwake pamoja na wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa wageni wa matanga. Sikuwa nimeingia katika nyumba ile kwa zaidi ya miaka ishirini. Mkewe, Mama Syombua, alinipa mkono bila kuinuka, akasema, "Umenenepa. Ni vizuri." Aliniambia kwamba kuna kitu katika chumba changu cha zamani ambacho hakuna mtu aliyekigusa tangu Mwalimu aende, na kwamba nikimaliza chai niende nikakitazame. Alisema "chumba chako" kana kwamba nilikuwa nimetoka asubuhi hiyo tu. Niliinywa ile chai polepole. Nilijua harufu ingenipata kabla sijafika mlangoni, na kweli ilinipata: karafuu, ile ya zamani iliyokwisha kuingia kwenye mbao na saruji, ambayo hakuna kupiga deki kunakoweza kuitoa.

Chumba hicho kilikuwa katikati ya jikoni na stoo. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya shule iliyochorwa majina ya watoto wasiojulikana, na dirisha moja lenye waya wa kuku lililotazama ukuta wa choo. Ukuta uliokitenga na sebule haukufika kwenye mabati, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia, nami nikikohoa walinisikia. Nilikuwa na miaka ishirini. Chuo cha mafundi wa maabara kilitaka barua ya mwalimu wa sayansi anayethibitisha kwamba nimefanya kazi ya vitendo chini yake mwaka mzima, na Mwalimu Mutua, aliyekuwa amestaafu baada ya kufundisha kemia miaka mingi, alikubali kunichukua. Masharti yalikuwa rahisi. Ningekaa kwake kuanzia Januari hadi Desemba, ningefanya kazi yake, na mwisho wa mwaka angeandika barua. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa kuniandikia. Nilipokuwa nikifua, nikipika au nikibeba maji kutoka visima vya mchangani mtoni, niliifikiria barua ile jinsi mtu aliyefungiwa ndani anavyoufikiria ufunguo ulio mfukoni mwa mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha karafuu. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini Kitui, mwenye jamaa zake pwani, alimletea Mwalimu gunia zima, naye Mwalimu alikuwa ametengeneza mtambo kwa sufuria ya presha na bomba la shaba lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Karafuu zilizopondwa zilichemka, mvuke ukapita kwenye bomba, ukapoa, ukadondoka ndani ya chupa ukiwa maji meupe kama maji ya kuoshea mchele. Baada ya kutulia, mafuta yalijitenga. Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo mpishi yeyote wa kwetu angelifanya. Nilikwangua juu kwa kijiko, kama tunavyoondoa mafuta kwenye mchuzi, nikahifadhi kile nilichokwangua, na kilichobaki chini nikakimwaga nje karibu na mche wa mpapai. Mwalimu aliporudi alinusa chupa yangu, akacheka mpaka akatoa miwani.

"Umetunza maji ukamwaga mafuta," alisema. "Haya hayaelei, Mwikali. Ni mazito kuliko maji. Yanakaa chini, yananyamaza."

Nilikuwa na daftari, na kila jioni kabla ya chakula niliandika yale niliyoyaona siku hiyo. Niliandika kwamba mafuta mapya yana rangi ya majani makavu na yakikaa yanageuka kahawia. Kwamba kikombe cha plastiki nilichopimia kililainika kikabeba alama za vidole vyangu. Kwamba tone moja kwenye mdomo linauma kwanza, kisha mdomo unakuwa si wako. Niliandika pia kwamba siku ya tatu majani ya mpapai yaliungua pembeni, na siku ya sita mche ukafa. Maneno hayo yapo hata leo, kwa mwandiko wangu, yamepigiwa mstari kwa rula. Niliyaandika kwa unadhifu kisha nikageuza ukurasa.

Watu walianza kuja kwa ajili ya meno. Aliyekuja mara nyingi zaidi ni Susu Kalekye, bibi mwembamba ambaye meno yake ya mbele yalichongwa alipokuwa msichana, jinsi walivyochongwa wanawake wa rika lake, na sasa moja lilikuwa limetoboka. Nilimwekea pamba yenye tone moja, si mawili, kwa sababu mafuta matupu huchoma ufizi. Alikaa kwenye benchi ya jikoni, akangoja, kisha akaanza kuongea upande mmoja wa mdomo.

"Mwalimu, umeniwekea nini? Shavu limeenda Mutomo limeniacha hapa."

"Litarudi, Susu."

"Likichelewa, mwambie huyu msichana alifuate. Yeye si anakaa tu ndani kama kuku anayeatamia?"

Walicheka, nami nikacheka. Baadaye, tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, Mwalimu alinieleza kilichotokea kinywani mwa bibi yule. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, alisema, ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Kinatia ganzi mishipa ya fahamu ya jino, ndiyo maana madaktari wa meno wanakichanganya na unga wa zinki kuzibia tundu kwa muda. Kinazuia bakteria na ukungu. Kinamlevya mdudu mpaka anasahau kutembea. "Hakichagui," alisema, akinyoosha kijiko. "Kazi ya kuchagua ni yetu. Tunachagua kiasi." Alikuwa mwalimu mzuri. Nataka hilo lisipotee katika haya ninayoandika.

Mwezi wa Februari ndengu zilivunwa, na kikundi cha mwethya, yaani wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, kikaleta mbegu yao kwenye stoo iliyopakana na chumba changu. Kila mmoja alileta zile za maganda bora, zikakusanywa kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, ziwe mbegu ya wote mvua ya Novemba ikija. Mlango ulikuwa na kufuli tatu. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa Mama Kanini, mwenyekiti, wa pili kwa Susu Kalekye, wa tatu kwa Mama Syombua, na mlango haukufunguliwa mpaka wote watatu wawepo. Mwaka uliotangulia fukusi walikuwa wamekula karibu yote. Wanawake walipanda unga, kama walivyosema wenyewe. Mwaka huu Mwalimu aliahidi mbele ya kanisa zima kwamba hakuna ndengu itakayotobolewa. Kipimo chake kilikuwa matone ishirini kwa debe, yachanganywe vizuri, mara moja, basi. Kila baada ya miezi miwili stoo ingefunguliwa, ningetoa bakuli moja, nihesabu ndengu mia, niandike ngapi zina tundu.

Aprili niliandika sifuri. Wanawake walipiga vigelegele. Lakini Mama Kanini, mama mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto, alikishika kichwa changu akakiinamisha ndani ya pipa.

"Nusa. Unasikia nini?"

"Nasikia karafuu kidogo, Mama."

"Kidogo! Na fukusi naye atasikia kidogo. Atasema hodi, ataingia."

"Mwalimu alisema matone ishirini yanatosha. Hata harufu ikipungua..."

"Mwalimu ako wapi?"

"Ameenda mjini Wote, kwa ndugu yake mgonjwa."

"Basi Mwalimu ako Wote na ndengu ziko hapa. Ongeza."

"Dawa ya kuogeshea mbuzi inanuka mpaka kwa jirani," Susu Kalekye aliongeza. "Hii yako inanuka kama chai ya wageni."

Nilimimina. Sikuhesabu matone, nilimimina kwa kikombe kile kilicholainika mpaka Mama Kanini aliponusa akasema, "Sasa hii ni dawa," kisha tukakaza vifuniko. Mwalimu aliporudi sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimevunja agizo lake na Desemba ilikuwa mbali. Juni ilikuwa hivyo tena, na Agosti hivyo tena. Kila mara yeye alikuwa Wote, kwani ndugu yake hakupona haraka, na kila mara mimi niliandika sifuri.

Nikiulizwa leo mwaka ule ulikuwaje, nasema ulikuwa mdogo. Siku zake zilienea ndani ya vyumba vitatu. Karafuu iliingia kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye ugali. Nilinywa maji yakawa na ladha yake. Kanisani wasichana wa rika langu walisogea kwenye benchi wakaacha nafasi, wakiniita Pilau. Ngozi ya vidole ilipasuka. Niliomba kwenda nyumbani Matinyani wikendi moja, Mwalimu akasema moto wa mtambo hauna wikendi. Jioni nililala chali nikisikiliza wageni sebuleni wakimpongeza, mchungaji akisema kwamba Mungu amemtumia Mwalimu kuiokoa mbegu ya Ikutha, na Mwalimu akijibu kwa unyenyekevu wa mtu anayefurahi, "Si mimi peke yangu. Kuna msichana pia."

Oktoba nilikuwa nimechoka kuandika sifuri. Nilitaka daftari liwe na kitu kingine. Nilichukua ndengu mia kutoka kwenye bakuli la stoo nililobaki nalo tangu hesabu ya Agosti, nikazipanga kwenye sahani juu ya kitambaa chenye maji, nikafunika, nikaweka dirishani. Siku ya tatu hapakuwa na kitu. Nikadhani ni baridi ya usiku, ingawa Ikutha hatuna baridi ya kuzungumzia. Nikachukua nyingine mia kutoka kwenye kopo la Mama Syombua jikoni, ndengu za kupika, nyingi zimetobolewa, nikaziweka kwenye sahani ya pili kando ya ile ya kwanza. Baada ya siku mbili, zile za kopo zilikuwa zimetoa mikia meupe, hata zile zenye tundu. Za stoo zilikuwa zimevimba tu. Mbili zilikuwa zimepasuka, zikatoa mzizi wa kahawia uliojikunja kama kucha. Nilikaa kitandani nikiziangalia sahani mbili. Kisha nikafungua daftari nyuma, nyuma kabisa, mpaka kwenye mpapai.

Nilimwambia Mwalimu jikoni, tukiwa wawili, huku nikimwonyesha sahani. Nilimwambia na habari ya kumimina, mara zote tatu. Alizihesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu. Hakunikemea. Ingekuwa afadhali angenikemea.

"Nani amejua?"

"Mimi na wewe."

Nje kulikuwa na sauti ya majembe. Wanawake walikuwa wameshaanza kutayarisha mashamba. "Mwaka jana hazikuota kwa sababu ya fukusi," alisema. "Mwaka wa juzi kwa sababu ya jua. Hapa mbegu isipoota, watu huangalia juu, Mwikali. Hawaangalii stoo."

"Lakini watapanda wote, Mwalimu. Hawana nyingine."

"Barua yako nimeshaianza," alisema. "Iko kwenye meza yangu." Alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba chai inapoa. Kisha akamwaga sahani ya kwanza motoni.

Stoo ingefunguliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilikuwa na siku tisa, na sikuweza hata kuzigusa mbegu zile, kwani kufuli zilikuwa tatu nami sikuwa na ufunguo hata mmoja. Niliendelea kuchemsha karafuu. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Mutha, na watu wakawa wanaongea kwa furaha iliyonichoma. Mama Kanini alipita akaniambia amelima hadi mpakani, hajaacha hata nafasi ya mbuzi kulala. Nilijaribu kujiambia kwamba pengine Mwalimu yuko sahihi, kwamba mvua yenyewe huenda ikakosa na hesabu zote zikawa sawa. Nilijikuta naomba mvua isinyeshe. Niliomba hivyo kanisani, macho yamefumbwa, nikiwa katikati ya wanawake waliokuwa wakiiomba inyeshe, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitaweza kunyamaza.

Kwa siri niliweka sahani nyingine mbili chini ya kitanda, moja ya ndengu zilizobaki kwenye bakuli la stoo, moja ya zile za kopo.

Jumamosi walikuja wote na vibuyu na mabakuli, wamevaa nguo safi, kwa sababu kugawa mbegu kwao kulikuwa kama sikukuu. Kufuli zilifunguliwa. Mwalimu alisimama mlangoni, kofia yake ya majani mkononi, akaomba. Alipomaliza kusema amina nilitoka chumbani na sahani mbili, nikaziweka chini mbele ya Mama Kanini. Sikuwa na hotuba. Nilisema, "Hizi ni za jikoni. Hizi ni za stoo. Zina siku sawa, maji sawa."

Susu Kalekye alichuchumaa. Alichukua ndengu moja ya stoo iliyovimba akaiuma kwa meno yake yaliyochongwa, akaitema kiganjani, akaitazama. "Aiya," alisema. "Imekufa ndani. Kwa nje ni bibi arusi."

Kelele ziliinuka. Mtu mmoja alisema ni uchawi, mwingine akasema ni wivu wa msichana wa Matinyani. Mama Kanini aliinua mkono, wakanyamaza.

"Nini imeziua?"

"Mafuta. Yalizidi. Mimi ndiye niliyemimina."

"Sikuuliza nani alimimina. Mimi nilisimama hapa nikakwambia mimina, na hawa wawili wenye funguo walisikia. Nauliza kingine." Sauti yake ilishuka, na Mama Kanini akishusha sauti ilikuwa jambo la kutisha. "Mwalimu alijua?"

Hakuna aliyemtazama. Walinitazama mimi. Nilikumbuka karatasi iliyokuwa mezani kwake. Niliona mkono wake kwenye fremu ya mlango, vidole vyenye madoa ya kahawia kama vyangu.

"Ndiyo, Mama," nilisema. "Tangu wiki iliyopita."

Mwalimu alivaa kofia yake akaenda zake kupitia nyuma ya jikoni. Mama Syombua, aliyekuwa bado ameshika kufuli yake, aliishika tu.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Susu Kalekye alikuwa na binti aliyeolewa Kibwezi, ng'ambo ya mto Athi, na kabla ya jua kusimama wanawake wanne walikuwa njiani kuelekea Makueni kuomba mbegu kwa ndugu na wakwe. Walirudi Jumatatu na kitu kisichofika nusu ya walichohitaji. Wakagawana kwa vikombe. Mvua ilinyesha Alhamisi. Mashamba mengi yalipandwa nusu, na ile nusu nyingine ya shamba la Mama Kanini, aliyoilima hadi mpakani, ilibaki udongo mtupu msimu mzima. Niliiona kila nilipokwenda mtoni. Ndengu za stoo walizitandaza juani wiki mbili, wakaziosha, wakazila. Ikutha nzima ilikula ndengu zenye ladha ya karafuu hadi baada ya Krismasi. Watoto walilia, wanaume walizitania. Hakuna aliyenishukuru, wala sikungoja. Mama Kanini aliniambia mara moja tu, tukikutana kisimani, "Ulichelewa siku tisa, lakini ulikuja," akajitwika mtungi akaenda.

Barua sikuipata. Mwalimu hakuniambia neno baya. Aliacha tu kuzungumza nami, na nyumba yenye ukuta usiofika juu ni ndogo sana kwa ukimya wa aina hiyo. Desemba nilifunga nguo zangu, zote zikinuka, nikarudi Matinyani. Maabara sikuiona tena. Nilikuja kupata kazi ya kuandika habari za mashamba na masoko, nikazunguka Kitui na Makueni na daftari, nikiwauliza watu wameona nini na siku gani. Kila ninapoandika jambo na kulipigia mstari, huwa narudi nyuma kusoma nililoandika kabla.

Sasa nilisimama mlangoni mwa chumba changu. Kitanda hakikuwepo. Meza ya shule ilikuwepo, chini ya dirisha, na juu yake kulikuwa na sahani iliyofunikwa kitambaa. Mama Syombua alikuwa amenifuata polepole na fimbo yake.

"Kila mwaka," alisema. "Tangu mwaka ule. Kila Oktoba wanawake wanaleta konzi moja moja kutoka kwa pipa, naye anahesabu mia anaziweka hapo. Hakuna mtu anapanda mpaka yeye ahesabu. Hakuwahi kuniambia kwa nini, nami sikuwahi kumwuliza. Hizi aliziweka Jumapili." Aliielekeza fimbo dirishani. "Mazishi ni kesho, na mawingu umeyaona mwenyewe. Wanawake wako nje, wanaogopa kuuliza kama wapande."

Nilifunua kitambaa. Kilikuwa kimeanza kukauka pembeni, lakini chini yake kulikuwa na mikia meupe iliyosongamana, mingine imeshatoa majani mawili madogo. Hapakuwa na karafuu humo, ni harufu ya maji na maganda tu. Nilivuta kiti, nikatoa kalamu, nikaanza kuhesabu zilizoota kwa ncha yake, nikizisogeza upande mmoja moja moja jinsi nilivyomwona akifanya. Nilipokuwa nimefika mwisho kivuli kilifunika dirisha. Alikuwa Mama Kanini, amezeeka, amekonda, ameshika waya wa kuku kwa vidole vyote.

"Ngapi?" aliuliza.

"Tisini na moja, Mama."

Alinitazama kupitia waya. Mimi ndiye niliyewahi kumwandikia sifuri mara tatu, naye akanipigia vigelegele.

"Hesabu tena," alisema.

Nikarudisha zote katikati ya sahani, nikahesabu tena.